Alilipwa Nani? Fumbo la Ukombozi na Njia ya Misafara

Hakuna neno tulitamkalo kanisani mara nyingi kama neno Mkombozi. Twalisema katika sala za asubuhi na za jioni, twalisikia katika Misa Takatifu, twaliandika juu ya misalaba ya wafu wetu. Na kwa kuwa twalisema kila siku, tumesahau kwamba asili yake ni neno la mali na deni. Kukomboa ni kutoa mali ili kurudisha kitu kilichoshikwa na mwingine. Mtu hukomboa shamba lake lililowekwa rehani. Mwingine hukomboa baiskeli yake iliyozuiliwa kwa deni. Na zamani, katika nchi hii ya Unyanyembe, mtu alimkomboa mtu.

Basi, hutokea katika darasa la dini mtoto mmoja mwenye akili akasimama na kuuliza: Kama Bwana Wetu Yezu Kristu alitoa bei ili tutoke utumwani, bei hiyo alilipwa nani? Mara nyingi mwalimu humwambia akae, ati hilo ni fumbo. Kweli ni fumbo. Lakini fumbo la imani si mlango uliofungwa kwa ufunguo, bali ni kisima: hatuoni chini yake, walakini twaweza kuchota. Swali la mtoto huyo liliulizwa na Mababa wa Kanisa tangu karne za kwanza. Na sisi watu wa Tabora tunayo sababu ya pekee ya kuliuliza, maana hapa bei ya mtu haikuwa mfano wa mahubiri. Ilikuwa hesabu ya kila siku.

NJIA NA BEI

Katika karne ya 19 Tabora, iliyoitwa pia Kaze, ilikuwa njia panda ya misafara. Msafara ulitoka Bagamoyo au Saadani, ukapita Mpwapwa na Ugogo, ukafika Unyanyembe baada ya miezi mitatu hivi. Hapa njia ziligawanyika: moja ikaenda magharibi mpaka Ujiji, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mpaka Manyema, nyingine ikaenda kaskazini kwa Karagwe na Buganda. Pale Kwihara lipo hata leo tembe la kumbukumbu ya Livingstone, aliyekaa hapo pamoja na Stanley mwaka 1872, na wageni huja kulitazama.

Yafaa tuseme kweli yote. Si kila aliyepita njia ile alikuwa mtumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru; walichukua mizigo kwa ujira waliopatana, na wakidhulumiwa waliweza kutua mizigo na kwenda zao. Lakini katika njia hiyohiyo walipita wengine, shingo zao katika kongwa au mnyororo, waliotekwa Manyema na kwingineko upande wa magharibi wa ziwa. Baadhi yao walipelekwa pwani. Baadhi walibaki hapahapa kulima mashamba ya Waarabu, na pia mashamba ya wenyeji wenye mali. Tusiseme basi kwamba dhambi ile ilikuwa ya wageni peke yao.

Bei ilihesabiwa kwa shuka na doti za merikani, kwa ushanga, kwa waya wa shaba na kwa baruti. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alifunga soko la watumwa kwa mkataba na Waingereza, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa barani. Hata hivyo utumwa bara uliendelea. Wadachi walipotawala waliupunguza lakini hawakuufuta. Sheria ya kuukomesha kabisa katika Tanganyika ilitolewa na Waingereza mwaka 1922. Kwa hiyo hatuzungumzi habari za Misri ya Farao. Twazungumza habari za babu na bibi wa wazee tunaowaamkia barabarani.

WATU WATATU SOKONI

Mwezi wa Juni 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers mwaka 1868, uliondoka Bagamoyo kuja bara. Mmoja wao, Padri Pascal, alifariki njiani. Wengine walifika Tabora, wakagawanyika kama njia zilivyogawanyika: hawa kwenda Ziwa Tanganyika, wale kwenda Buganda. Baadaye wakaweka kituo Kipalapala, karibu na mji, na humo katika miaka ya 1880 palikuwa na makao ya watoto waliokombolewa. Ni Kipalapala hiyohiyo ambayo tangu mwaka 1925 imekuwa mahali pa kuwalea mapadre wa nchi yetu. Kule Bagamoyo nako Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao mwaka 1868, walikuwa na kijiji cha watu waliotolewa utumwani.

Waliwakomboa namna gani? Waliwanunua. Padri alitoa nguo, mfanya biashara akapokea, mtoto akabadili mikono. Hapo palikuwa na watu watatu: muuzaji, mnunuzi, na yule aliyeuzwa. Na hapo pana neno la kusumbua dhamiri, ambalo hatutalificha ati kwa heshima ya waliotutangulia. Nguo aliyoipokea muuzaji ilimtajirisha. Aliweza kuitumia kununua baruti, na kwa baruti kwenda kuchoma kijiji kingine. Basi padri aliyemwokoa mtoto mmoja, je, hakuwalipia njia watekaji wa mtoto wa pili? Aliyemwona mtoto amelala chini, mbavu zikihesabika, hakuweza kupita kando kama yule kuhani wa katika mfano wa Msamaria. Lakini aliyelipa hakuweza kusema kwamba fedha yake imeishia mikononi safi.

Sasa lichukue jambo hili, ndugu msomaji, ulipeleke mpaka Kalvari. Kama ukombozi wetu ulifanyika kama biashara ya Tabora, lazima awepo muuzaji. Ni nani? Tukisema ni shetani, basi Mungu amemtajirisha mwizi, na damu takatifu imekuwa faida ya adui. Tukisema ni Mungu Baba, basi tumemfanya Baba kuwa bwana wa watumwa, asiyetufungua mpaka apokee damu ya Mwanawe. Majibu yote mawili yatisha. Ndiyo maana mtoto wa darasa la dini ana haki ya kuuliza.

MAANDIKO YASEMA NINI?

Mwalimu Origene, katika karne ya 3, alijaribu jibu la kwanza: bei ilimwendea shetani. Mtakatifu Gregori wa Nissa alilifuata katika karne ya 4, akalipamba kwa mfano wa samaki na ndoana. Lakini rafiki yake, Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, alilikataa kwa uchungu; aliona ni aibu kudhani kwamba mnyang'anyi apewe ujira mkubwa namna hiyo, na tena akauliza ni kwa sababu gani Baba apendezwe na damu ya Mwanawe wa pekee. Mwaka 1098 Mtakatifu Anselmi alimaliza kitabu chake juu ya sababu ya Mungu kujifanya mtu, akafundisha kwamba shetani hana haki yoyote juu yetu. Deni letu ni heshima tuliyomnyima Mungu. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba Mungu angaliweza kutuokoa kwa njia nyingine, wala hakulazimishwa na mtu. Kanuni ya Imani tuisemayo Jumapili yasema tu kwamba alishuka kwa ajili yetu na kwa ajili ya wokovu wetu. Haimtaji muuzaji.

Tukifungua Maandiko Matakatifu twaona kwa nini haimtaji. Katika Kitabu cha Kutoka, Mungu aahidi kuwakomboa wana wa Israeli kwa mkono ulionyoshwa (Kut. 6, 6). Je, Farao alilipwa nini? Hakupokea hata shekeli moja. Nabii Isaya awaambia watu waliohamishwa Babeli kwamba waliuzwa bure, na watakombolewa pasipo fedha (Isa. 52, 3). Neno ni lile lile la ukombozi, lakini mwenye soko haonekani. Gharama ipo, tena kubwa. Ila muuzaji hayupo.

Wapi basi Waisraeli walilitoa neno hilo? Walilitoa katika ukoo, kabla ya soko. Sheria katika Kitabu cha Walawi yasema kwamba Mwisraeli akiwa maskini hata akajiuza kwa mgeni, basi ndugu yake, au mjomba, au mtoto wa mjomba, au mtu yeyote wa jamaa yake, aweza kumkomboa (Wal. 25, 47-49). Mkombozi ni mtu wa ukoo. Boazi alimkomboa Ruthu na shamba la marehemu kwa sababu alikuwa jamaa. Sisi hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Kila mtu hapa ajua maana ya kusikia kwamba wa kwenu ameshikwa mahali, na ukoo wote ukakusanyika usiku kuhesabu kilichopo. Wanaochanga hawaendi kununua mtu. Wanakwenda kumrudisha wa kwao.

Sasa twaelewa kwa nini Neno alifanyika mwili. Ili awe na haki ya kutukomboa, ilimpasa kwanza awe jamaa yetu. Mtakatifu Paulo asema kwamba Mungu alimtuma Mwanawe, aliyezaliwa na mwanamke, chini ya sheria, ili awakomboe waliokuwa chini ya sheria, nasi tupate kufanywa wana (Gal. 4, 4-5). Kwa Wafilipi asema zaidi: alitwaa hali ya mtumwa (Fil. 2, 7). Mkombozi huyu hakusimama sokoni na mzigo wa nguo akipatana bei. Aliingiza shingo yake mwenyewe katika kongwa. Injili yatukumbusha kwamba Yuda alipokea vipande 30 vya fedha (Mt. 26, 15), na katika sheria ya Musa shekeli 30 ndizo zilizolipwa kwa mtumwa aliyeuawa na ng'ombe (Kut. 21, 32). Kama mtu aliuzwa katika Mateso yale, aliyeuzwa alikuwa Yezu mwenyewe.

Je, twasema basi kwamba hakumtolea Baba kitu? Sivyo. Mtaguso wa Trento umefundisha kwamba Kristu kwa Mateso yake alimtolea Baba malipizi kwa ajili yetu, nasi twashika hivyo. Lakini sadaka si bei ya muuzaji. Mwana humpa Baba upendo na utii ambao sisi tulimnyima, na Baba mwenyewe ndiye aliyemtuma, wala hakumwachilia Mwanawe asiteswe (Rum. 8, 32). Katika soko la Tabora muuzaji na mnunuzi walivutana, kila mmoja akitaka faida. Katika ukombozi wetu Baba na Mwana hawavutani. Wako upande mmoja, upande wa yule aliyefungwa. Basi jibu la mtoto ni hili: hakulipwa mwenye mtumwa. Gharama ilikuwa gharama ya safari, gharama ya ndugu aliyetufuata mpaka tulikokuwa, na safari hiyo ilimgharimu uhai.

MAHALI MFANO UNAPOKWAMA

Lakini tuangalie. Kila mfano una mpaka, na asiyeujua mpaka hudhulumu watu kwa mahubiri yake. Mtakatifu Paulo asema kwamba mtu ameuzwa chini ya dhambi (Rum. 7, 14), na katika Isaya Mungu awaambia watu wake kwamba waliuzwa kwa ajili ya maovu yao wenyewe (Isa. 50, 1). Mwenye dhambi amejiuza. Lakini mtoto wa Manyema hakujiuza. Aliibiwa. Kumwambia kwamba mnyororo wake ni mfano wa dhambi zake, kisha kunyamaza juu ya dhambi ya aliyemfunga, ni kugeuza Injili kichwa chini.

Maandiko hayakunyamaza. Yosefu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha kwa msafara wa wafanya biashara waliokuwa wakishuka Misri (Mwa. 37, 28), na kitabu chaonyesha wazi ni nani waliokosa. Sheria ya Musa yamhukumu kifo amwibaye mtu na kumwuza (Kut. 21, 16). Mtakatifu Paulo awataja wanaowateka watu kuwauza katika orodha moja na wauaji na waongo (1 Tim. 1, 10). Na Ufunuo, ukihesabu bidhaa za Babeli zisizonunuliwa tena, waanza na dhahabu na fedha, waendelea na nguo, manukato, ng'ombe na farasi, na mwisho wataja miili na roho za wanadamu (Ufu. 18, 13). Aliyeandika orodha ile angeweza kuwa amekaa chini ya mwembe wa Ujiji, akihesabu msafara unavyopita.

Hapa sisi Wakatoliki yatupasa unyenyekevu. Mwaka 1452 Baba Mtakatifu Nikolao wa Tano alimpa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuwatia utumwani watu wasio Wakristo. Mwaka 1839 Gregori wa Kumi na Sita alilaani biashara ya watumwa. Mwezi wa Mei 1888 Leo wa Kumi na Tatu aliwaandikia maaskofu wa Brazil akishangilia kukomeshwa kwa utumwa, na mwaka huohuo akamtuma Lavigerie kuhubiri Ulaya juu ya mateso ya Afrika. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliuhesabu utumwa miongoni mwa mambo ya aibu yanayomtukana Muumba. Na mwaka 2023 Vatikano ilitamka kwamba yale yaliyoandikwa na barua za Mapapa wa karne ya 15 juu ya nchi na watu waliovamiwa hayakuwa kamwe mafundisho ya imani. Maandiko yalikuwa yale yale muda wote huo. Kilichochelewa ni kusoma.

ALIYEKOMBOLEWA NI WA NANI?

Sasa twafika penye kiini cha jambo. Mtume awaambia Wakorinto kwamba wao si mali yao wenyewe, maana walinunuliwa kwa thamani (1 Kor. 6, 19-20). Mtumwa wa Tabora angesikia maneno hayo akaelewa upesi: nimebadili bwana. Na kama ukombozi ni kubadili bwana tu, bwana mkali kwa bwana mpole, habari hiyo ni njema kidogo, lakini si Habari Njema.

Soma mbele. Katika barua hiyohiyo Mtume asema: kwa kuwa mlinunuliwa kwa thamani, msiwe watumwa wa wanadamu (1 Kor. 7, 23). Bei ile ile isemayo kwamba mimi si mali yangu, ndiyo isemayo kwamba mimi si mali yako pia. Kwa Wagalatia aongeza kwamba Kristu alituweka huru ili tuwe huru kweli, tusinase tena katika kongwa (Gal. 5, 1). Na Bwana mwenyewe, usiku wa karamu ya mwisho, aliwaambia mitume kwamba hatawaita tena watumwa, bali rafiki (Yoh. 15, 15). Kuwa mali ya Kristu maana yake ni kwamba hakuna mwanadamu awezaye kukuhesabu katika mali yake. Hata yule aliyekutendea mema.

Hapo ndipo penye shida, na watakatifu wenyewe waliona shida hiyo. Katika vijiji vya misheni vya zamani, waliokombolewa walipata chakula, shule na ulinzi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini pia waliishi kwa kengele ya misheni, walilima mashamba ya misheni, na ndoa zao zilipangwa chini ya macho ya mapadre. Wengine waliondoka. Wengine walinung'unika. Wamisionari wengine waliwaita wasio na shukrani. Tusiwahukumu kwa wepesi wazee wale waliokufa kwa homa kwa ajili yetu. Lakini tukiri kwamba ni rahisi zaidi kutoa bei ya mtu kuliko kumwacha awe huru.

Tumtazame mmoja aliyefika mbali. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali, yapata mwaka 1866. Angali mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria Mapadre Weupe wakamkomboa. Wakamsomesha, wakampeleka kisiwani Malta kujifunza utabibu, maana Lavigerie alikuwa amepanga kuwatuma Waafrika wa namna hiyo kuwa matabibu na makatekista. Mwaka 1889 alifika Karema, penye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Akaoa huko, na mwanawe Yosefu akapata upadre mwaka 1923. Atiman aliwatibu watu wa Karema miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956, na wengi kati ya wagonjwa wake hawakuwa Wakristo.

Mpango wa kumsomesha ulikuwa wa wengine; hatudai kwamba aliulizwa alipokuwa mtoto. Lakini tazama mwisho wake. Hakuonyeshwa kama mali ya mtu. Alikuwa baba wa nyumba, mwenye ujuzi ambao hata mapadre waliuhitaji walipougua. Siku ambayo mkombozi anaumwa, naye anamlalia kitandani yule aliyemkomboa na kumwomba dawa, siku hiyo bei imesahauliwa, umebaki udugu. Ndivyo Mtakatifu Paulo alivyotaka kwa Onesimo. Alimwandikia Filemoni kwamba deni lolote yeye Paulo atalilipa kwa mkono wake, lakini ampokee yule kijana si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa (Flm. 16-19). Wala hakumlazimisha Filemoni, maana wema wa kulazimishwa si wema (Flm. 14).

Twaweza sasa kurudi kwa swali la mwanzo juu ya nguo ile ya merikani. Je, mapadre walitenda vema kununua? Twajibu: walitenda vema kwa mtoto aliyekuwa mbele yao, kwa sababu mtoto hawezi kungoja sheria ya mwaka 1922. Lakini kununua peke yake hakukutosha. Ilipasa pia kupigania njia yenyewe ifungwe, kama Lavigerie alivyofanya mwaka 1888. Aliyekomboa bila kushindana na soko angekuwa mteja mwema tu wa soko hilo. Mungu alipowatoa Israeli Misri, hakumwachia Farao biashara yake.

DENI LISILOKWISHA

Msomaji asidhani kwamba tumeandika habari za makumbusho. Njia ya misafara imefunikwa na reli na lami, lakini wapo watu wanaosafirishwa bado. Binti anatolewa kijijini akiwa na miaka 13 au 14 kwa ahadi ya shule. Anafika mjini, anapewa ufagio na mtoto wa kubeba, wala shule haionekani. Mshahara wake hutunzwa na tajiri wake, ati asije akaupoteza. Siku akiomba kurudi kwao, huhesabiwa nauli, nguo na chakula alichokula. Nchi yetu ilitunga sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu mwaka 2008. Sheria ni njema. Lakini mara nyingi mwenye nyumba hiyo ni jirani yetu, pengine hupokea Ekaristi benchi moja nasi, tena hujiona mfadhili.

Wala jambo halikomi kwa watumishi wa nyumbani. Yuko mjomba aliyemlipia mpwawe karo, naye sasa ataka kumchagulia mchumba. Yuko kaka aliyewalea wadogo zake baada ya baba kufa, akafanya jambo la kusifiwa, na sasa hakuna awezaye kufungua kinywa katika kikao. Wapo hata viongozi wa dini ambao wamemsaidia maskini, kisha wakamtaka awe mfuasi wao daima. Kila mmoja husema: Nimemtoa mbali. Na yule aliyesaidiwa akithubutu kusema hapana, husikia methali ile ya kuumiza: asante ya punda ni mateke.

Tumpime mfadhili kwa kipimo hiki kimoja: Je, uliyemsaidia aweza kukukatalia jambo bila kuogopa? Kama aweza, umemkomboa. Kama hawezi, umemnunua. Yezu aliwauliza wale Kumi na Wawili kama nao wataka kwenda zao (Yoh. 6, 67). Aliyekuwa tayari kutoa damu aliwaachia mlango wazi. Sisi tuliotoa karo twaufunga?

Shukrani ni fadhila, na mtoto asiye na shukrani hukosa. Lakini shukrani huzaliwa na uhuru. Ikidaiwa kama kodi hugeuka mnyororo mpya. Wazee wetu walijua hilo walipotuachia neno: tenda wema, uende zako. Hawakusema tenda wema, ukae mlangoni ungoje malipo.

Basi mtoto wa darasa la dini akisimama tena na kuuliza alilipwa nani, asiambiwe akae. Aambiwe hivi: Mwanangu, hakulipwa bwana yeyote, maana hatukuwa na bwana mwenye haki juu yetu. Ndugu yetu alitufuata mpaka tulikofungwa, akafa katika kututoa, akafufuka, na tangu hapo hadai ila tupendane. Kisha mtoto huyo arudi nyumbani. Na huko nyumbani, kama yuko binti wa kazi anayeosha vyombo wakati wengine wanasali Rozari, mtoto atauliza swali la pili. Tuwe tayari kulijibu nalo.